Kwamboka Ndiye Aliyempata John

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: Kwamboka hakuwa mpiga chapa. Alikuwa mtafiti, na bora kuliko sisi wawili tuliobaki.

Bado siamini kwamba nalazimika kuandika "alikuwa". Wiki mbili za homa ya mapafu, kisha simu moja ya mama yake kutoka Ikonge, basi.

Kwa wasiotufahamu: tulikuwa watatu, Kwamboka, Ombati na mimi, katika chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisii mjini. Client wetu, mzee mmoja wa Uingereza, alitaka kitabu cha ukoo wake wa kale: nani alimzaa nani, na nani alishika kipande kipi cha ardhi tangu zama za makabaila.

Ukoo huo ulikuwa na manor, yaani shamba kubwa la bwana mmoja, lenye kinu chake, malisho yake na hata mahakama yake. Tulizisoma hati zake kwenye kompyuta: Kilatini kitupu, mwandiko umebanana kama majani ya chai yaliyoshindiliwa guniani.

Kwamboka alijifunza Kilatini hicho mwenyewe, kwa daftari moja na thermos ya chai. Aliponisahihisha mara ya kwanza, nilinuna siku nzima.

"Wakili, kununa si hoja," aliniambia. Wakili ndilo jina alilonipa kwa sababu ya ubishi wangu.

Nasaba aliyotutumia client ilimwonyesha Roger fulani akirithi kinu na, mbali chini ya ukurasa, Roger huyo huyo akiuza malisho. Kwamboka akahesabu kwa vidole.

"Huyu anauza shamba akiwa na miaka mia na kumi?"

"Watu wa kale waliishi sana," nikajibu, kwa uhakika wote wa shahada yangu.

"Bobe!" Kwamboka akashangaa kwa Kigusii. "Na mkono haukutetemeka akipiga muhuri?" Ombati akacheka hadi akamwaga chai.

Kisha Kwamboka akauliza swali ambalo vitabu vyangu vyote havikuwahi kunifundisha kuuliza: "Kwetu mtoto hupewa jina la babu aliyefariki. Je, kama hawa ni babu na mjukuu? Yuko wapi mtu wa katikati?"

Nilimpinga. Nilimweleza kwamba Waingereza wale hawakuwa Wagusii. Nilizungumza dakika ishirini; yeye alikuwa amekwisha kurudi kwenye hati.

Siku ya tatu alimpata. Enzi hizo, mwenye ardhi alipofariki, watu wa mahali pale waliapishwa hadharani waseme alishika ardhi ipi na mrithi wake ni nani. Katika hati moja iliyofifia alikuwemo John, mwana wa Roger wa kwanza na baba wa Roger wa pili. Aliishika manor kwa muda mfupi mno, akafa, na kila mtu akamsahau.

"Maskini John," Kwamboka alisema, akiliandika jina hilo kwa kalamu nyekundu. "Alilima, akazaa, halafu wakamruka."

Ombati, ulikuwepo. Ulisimama ukapiga makofi. Ulisema, "Dada, hiki kitabu ni chako."

Alipofariki ukajitolea kuandaa kijitabu cha mazishi, nami nikakushukuru. Nilikutumia aya tatu kuhusu John. Alhamisi, kule Ikonge, nilikifungua kijitabu kando ya shamba la chai la mama yake, nikasoma: "Marehemu alitusaidia kazi ya kuchapa." Aya zangu hazikuwemo.

Ulipopewa nafasi ya kuzungumza uliyarudia maneno yayo hayo, tai shingoni. Mama yake akanigeukia: "Mwanangu, kwani alikuwa anachapa tu? Miaka yote ile ya kusoma?"

Nami Wakili, bingwa wa ubishi, nikasema, "Tutaongea, Mama." Sikutaka kuharibu mazishi. Aibu hiyo ni yangu, na naibeba.

Jumapili ukaweka hapa mtandaoni picha ya jalada la kitabu. Jina moja: lako. Chini yake, Lead Researcher, yaani mtafiti mkuu. Katika ukurasa wa ndani uliotuonjesha, John yupo mahali pake. Aliyesahauliwa karne nyingi amerudishwa, aliyemrudisha ameondolewa.

Angekuwa adui, ningemjibu kwa kurasa kumi na kumsahau. Lakini ni wewe, uliyekuwa ukila ndizi alizotubebea kutoka kwao kila Jumatatu.

Basi najiapisha mwenyewe mbele yenu nyote mnaosoma, kama walivyoapishwa watu wale. Kwamboka, binti wa Ikonge, alifariki akimiliki ugunduzi huu. Draft yake ya kwanza ninayo, pamoja na daftari lenye wino mwekundu. Mrithi wake ni mama yake, mchuma chai, anayestahili kuliona jina la bintiye kwenye jalada.

Mama, jibu la swali lako ndilo hilo. Hakuwa anachapa tu.

Kwamboka, dada yangu, pumzika. Ubishi niachie mimi. Lala salama, hatutakuruka.

Na wewe, Ombati, usinipigie simu, wala usinifuate inbox. Kitabu bado hakijaenda mtamboni. Jibu hapa hapa, chini ya chapisho hili, mama yake akisomewa: nani alimpata John?