Bwana Hakuna wa Ruhuwiko

Kwa miaka mingi baba yangu alikuwa muuzaji katika duka la ushirika mjini Songea, na kazi yake kubwa ilikuwa kusema "hakuna". Sukari hakuna. Sabuni hakuna. Mafuta ya taa njoo wiki ijayo, na wiki ijayo ukija, hakuna. Alilisema neno hilo kwa sauti nzito na uso mkavu, hata watu wa mtaani wakambatiza jina la Bwana Hakuna. Mimi na wadogo zangu tukawa watoto wa Hakuna, tukapigana shuleni kwa ajili ya jina hilo mpaka tukachoka.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Malori yakaanza kushusha sabuni za rangi ambazo hatukuwahi kuziona, na maduka ya watu binafsi yakafunguliwa kila kona. Duka la ushirika likafungwa. Baba akarudi nyumbani Ruhuwiko na kiinua mgongo chake, kichwani ana wazo moja tu, kwamba naye afungue duka.

Mahali pekee palipofaa ni sebule ya mama. Mama aliipenda sebule ile mno, na makochi yake yenye vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, na picha ya Bikira Maria ukutani. Alikubali kwa sharti, nalo alilitamka mbele yetu sote ili tuwe mashahidi.

"Nakupa mpaka mahindi yavunwe. Duka likisimama, sawa. Lisiposimama, sebule yangu inarudi, na wewe unakwenda kijijini kushika jembe na shemeji zako."

Baba hakuogopa kitu duniani kama jembe. Makochi yakahamia chumbani kwetu, tukawa tunayaruka kwenda kulala.

Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, naishi nyumbani. Tena nilikuwa nimetoka kuhudhuria semina ya siku tano ya biashara ndogondogo kwenye ukumbi wa kanisa, nikapewa na cheti. Usiombe ukae nyumba moja na mtu mwenye cheti cha siku tano. Nilimhubiria baba habari za mtaji, ushindani na uchaguzi wa eneo. Nikapanga bidhaa upya, sabuni za rangi zikae mbele, nikaandika bango kwa rangi nyekundu. Baba alinisikiliza kwa adabu zote, akafanya kila nililosema.

Duka halikutembea. Masika yakakolea, chumvi bado imejipanga pale pale, imeanza na kulowa. Wateja walikuwa wanakuja, nawaona kwa macho yangu wakiingia uani, kisha nawaona wakitoka mikono mitupu kuelekea duka la barabarani. Nikasema tatizo ni bei, tukapunguza bei. Nikasema ni bango, nikaandika jingine kubwa zaidi. Mama, aliyekuwa anapepeta maharage uani, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, weka daftari lako chini. Kaa mle ndani umsikilize baba yako."

Jumamosi moja nikajikalisha nyuma ya magunia na uzi wangu wa kufuma. Akaja jirani yetu mmoja, mama wa makamo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nilikuwa naomba chumvi, maana..."

"Hakuna."

Mama wa watu akaitazama chumvi iliyopangwa nyuma ya bega la baba. Akamtazama baba. Akasema asante, akaenda zake. Nilidhani labda wana ugomvi wao wa zamani. Akaja mwingine anataka kiberiti, akaambiwa hakuna, na viberiti viko chini ya kiwiko cha baba. Ilipofika saa sita, baba akaweka kiti mlangoni kuzuia watu, akafunga kwa ajili ya chakula cha mchana, kama ilivyokuwa desturi ya ushirika. Asubuhi nzima alikuwa ameuza kiberiti cha gesi kimoja, tena kwa sababu mteja alikinyooshea kidole kabla ya kufungua mdomo.

Mchana ule tulikula ugali kwa dagaa wa Nyasa, nami nikamweleza nilichokiona. Hasira zilikuwa zimenipanda, sikuzificha. Baba aliacha kula.

"Nimesema hakuna? Mimi?"

Hakuwa anatania. Hakuwa na habari kabisa. Mimi nikaangua kicheko, lakini mama hakucheka. Alimuuliza taratibu kwa nini anawakatisha watu. Baba akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Pale ushirika sukari ilikuja magunia mawili, na watu wamejaa mpaka barabarani. Ukimwacha mtu amalize kusema, atakwambia ana mgonjwa. Atakwambia mtoto hataki uji usio na sukari, na hajala tangu jana. Sasa ukishajua, utafanya nini, na sukari huna? Nikajifunza kumjibu kabla hajafika huko."

Niliona haya. Miaka yote ile nilipigana shuleni kumtetea, na kumbe moyoni nilikuwa nawaamini waliosema baba ni mtu mkavu.

Mama akamsogezea bakuli la dagaa. "Sasa ipo," akasema. "Mwache mtu amalize."

Jioni hiyo hiyo wakaanza mazoezi. Mama alizungukia nje, akasimama mbele ya kaunta kama mteja, akaanza kisa kirefu cha wageni wake kutoka Mbinga, wangapi, wanalala wapi, nani kati yao hali maharage. Baba alibana midomo, ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Kila akifungua mdomo, mama anainua mwiko. Mara ya tatu ndipo alipoweza kungoja mpaka mwisho, jasho linamtoka, na mwisho wenyewe mama alikuwa anataka kitunguu kimoja.

Basi baba akajifunza kungoja, na akiisha kungoja, akaanza kusikia. Akasikia kwamba wengi hawahitaji mche mzima wa sabuni, akaanza kuikata vipande. Akasikia mama mmoja anampeleka mwanawe hospitali ya misheni kule Mbesa na anataka vitu vya safari vifungwe pamoja, akamfungia, na tangu siku hiyo akaweka vifurushi vya wasafiri. Kile kiti cha mchana kikatoka mlangoni, kikawekwa mbele ya kaunta kwa ajili ya wazee. Watu wakawa wanakuja kununua utambi wa taa na kukaa nusu saa nzima. Cheti changu nikakiweka sandukuni. Mambo hayo hayakuwemo kwenye semina.

Mahindi yalipovunwa, na gunia la mwisho likaingia ghalani, mama alinawa mikono, akafunga khanga vizuri, akazungukia mbele ya duka. Kulikuwa na wateja watatu. Akangoja zamu yake.

"Shikamoo," akasema, na wateja wakaguna, maana mke hamwamkii mumewe hivyo. "Nimekuja kwa ajili ya sebule yangu. Mahindi yamevunwa, na tulikubaliana mbele ya watoto. Makochi yangu yanaliwa na panya, na Bikira Maria anatazama magunia ya dagaa tangu mvua zilipoanza. Ndiyo maana naomba sebule yangu."

Baba alikuwa ameegemea kaunta kwa viwiko. Hakumkatisha hata mara moja. Alingoja mpaka akamaliza kabisa, akangoja na kidogo zaidi, asije akawa amesahau neno.

"Hakuna," akasema.

Mama alicheka mpaka akashika kaunta asianguke, na sisi wote tukacheka naye, na wateja wasiojua lolote nao wakacheka. Baba alikuwa na machozi, wala hakuyafuta.

"Basi nipe chumvi," mama akasema.

"Chumvi ipo, mama."