Kwenda Shanwe Kusikiliza Mpira

Mke wangu nilimwambia nakwenda Mpanda kuulizia bei ya mpunga. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke. Tangu Ramadhani ahame kijijini kwetu Kasansa kwenda Shanwe, mtaa wa mji wa Mpanda, mpira, sinema na vichekesho vyote vilikuwa vimeniishia utamu.

Ramadhani ni fundi baiskeli, Mnyamwezi, nami Mpimbwe, kwa hiyo ni mtani wangu mara mbili: kwa kabila na kwa mpira, maana yeye anashabikia timu ile nyingine. Zile timu mbili kubwa za Dar es Salaam zilipokutana, tulikaa kibarazani kwake, redio katikati, tukitukanana kwa raha zetu. Mwaka mmoja gari la sinema lilikuja kijijini na filamu ya bwana mnene anayemfukuza mbuzi aliyekula kofia yake ya harusi. Jenereta ikazimika kabla ya mwisho, tukarudi majumbani na kiu yetu. Kesho yake Ramadhani akaanza kutusimulia ilivyokwisha, na kila jioni alikuja na mwisho mpya. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipohama, redio nayo ilikwenda, na kibaraza kikabaki na kuku.

Baada ya miaka mitatu ikaja barua yake: "Jumamosi wanakutana. Jioni ile ile gari la sinema litakuwa hapa, na yule mnene wako yumo. Njoo ufungwe nikikuona." Niliisoma mara nne. Nikafunga mchele mpya kidogo wa kumpelekea.

Jumamosi alfajiri nilipanda lori la mpunga, nikakaa juu ya magunia. Mpira ulikuwa uanze saa kumi, nami nilishapiga hesabu kwamba saa nane nitakuwa Shanwe nakunywa chai. Mbele ya Usevya tairi likapasuka. Tulipofika Kibaoni dereva akakutana na shemeji yake, na shemeji hapitwi bila ugali. Nilikula huku moyo wangu uko barabarani.

Saa kumi kasoro kidogo tulikuwa Sitalike, kwenye kizuizi cha mbung'o. Mzee mmoja alilizunguka lori na wavu wake akiwatafuta wale wadudu, redio ikining'inia begani. Mara mtangazaji akapaza sauti, mpira umeanza. Mzee akasimama.

"Mzee, tufungulie twende," nilimwomba. "Kuna mtu ananisubiri Mpanda."

"Na mimi nimeusubiri mpira huu tangu Pasaka," akanijibu. "Nyie kaeni. Mbung'o hawana haraka."

Dereva mwenyewe akazima injini. Dakika ya thelathini timu yangu ikafunga. Niliruka, nikageuka kushoto nimtukane Ramadhani, nikakuta gunia. Sijui kama niliwahi kusikia ukiwa kama ule, na bao ni letu! Mapumziko yalipofika mzee akafungua kizuizi, na dereva akaondoa gari haraka, maana hakutaka giza limkute porini na tembo. Kipindi cha pili hatukukisikia.

Saa kumi na mbili nilibisha hodi Shanwe. Ramadhani alikuwa ameketi barazani, redio kimya magotini. Pembeni, juu ya ungo, betri zilikuwa zimeanikwa kama tulivyozoea kuzianika Kasansa ili zipate nguvu kidogo.

"Betri zimekufa," alisema kabla ya salamu. "Sijasikia hata neno. We umesikia?"

"Nimesikia Sitalike."

"Basi nitangazie, Mpimbwe we!"

Nikamtangazia. Krosi zote, kona zote, na bao letu nikalirudia mara mbili ili limchome vizuri. Akanitukana mpaka majirani wakacheka. Nilipofika mapumziko ilinipasa ninyamaze. Lakini alikuwa ameinama mbele, mikono mapajani, vile vile alivyokuwa akikaa kibarazani kule Kasansa, na sikuweza. Nikaendelea. Nikatunga kipindi kizima. Dakika ya mwisho nikampa winga wao wa kushoto mpira, nikampitisha kati ya mabeki wetu wawili, nikalifunga goli letu mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Ramadhani akaruka, redio ikaanguka, akanikumbatia.

"Moja kwa moja!" alipiga kelele. "Mmeponea tundu la sindano!"

Giza lilipoingia tulikwenda uwanjani kwenye sinema. Safari hii jenereta haikuzimika, na mwisho tuliousubiri miaka yote hiyo tukauona: yule mnene alinunua kofia nyingine, akaenda kuoa. Watu wakaanza kuinuka. Ramadhani akaninong'oneza, "Hawa wamekosea." Nilicheka mpaka machozi.

Jumapili asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye malori, pamoja na mkewe, Mama Zena. Utingo wa lori letu alikuwa akiwakoga wenzake kwa sauti: timu yangu imeshinda mbili bila. Nilitamani ardhi inimeze. Ramadhani akanigeukia.

"Na lile bao letu la dakika ya mwisho?" aliuliza taratibu. "Refa kalikataa?"

Akaangua kicheko, akakaa chini kabisa, kisha akaenda kuninunulia maandazi ya njiani. Alipokuwa mbali Mama Zena akanisogelea.

"Shemeji, betri zile ni mpya. Kanunua Alhamisi. Mpira ulipoanza kakuangalia barabarani, hakukuona, akazima redio, akaenda kuzianika. Kaniambia, nimtukane nani mimi?"

Sikumwambia Ramadhani kwamba nimejua. Njia nzima, juu ya magunia ya chumvi, nilimfikiria akiwa na redio nzima magotini na mpira unachezwa, naye anangoja mguu wangu mlangoni. Niliyojifunza ni haya tu: nilidhani ninatamani mpira, kumbe natamani mtu wa kutukanana naye juu ya mpira.

Jumatatu, Kasansa, mke wangu aliuliza bei ya mpunga, nikababaika. Wanaume waliuliza mchezo umekwishaje.

"Sare," niliwaambia. "Moja kwa moja, bao la dakika ya mwisho."

Wapo waliokuja baadaye kunisahihisha. Sikubadilisha.