Wasifu wa Bibi nilioshindwa kuusoma

Tu, tu, tu.

Bado nakisikia kidole cha Mjomba kikigonga maikrofoni.

Leo asubuhi tumemzika Bibi, aliyenilea. Wasifu wake niliuandika mimi, na mimi ndiye niliyepangwa kuusoma makaburini.

Nina sauti nene. Shuleni waliniita "Baba Mchungaji", na tangu hapo huwa naibana. Leo pia niliibana.

"Sauti, binti! Huku nyuma hatusikii!"

Nikazidi kunong'ona. Mjomba akaichukua karatasi, akagonga maikrofoni, akasoma mbiombio kwa sababu jua lilikuwa kali. Aya ya mwisho akairuka. Ndiyo iliyosema kwamba Bibi aliuza vitumbua Makorora mpaka nikamaliza chuo.

Tuliporudi nyumbani, mtu akapiga hodi uani. Nikaitika bila kufikiri, kwa sauti yangu yote: "Karibu, pita!"

Alikuwa Mama Salma, jirani yetu, kaleta sufuria la wali. Akaganda mlangoni.

"Subhanallah! Mwanangu, nimedhani bibi yako ndiye kaitika."

Jamani, mngemjibu nini? Mimi nililia tu. Miaka yote hii nilikuwa naficha sauti ya Bibi, na hata siku ya kumzika nimeificha.

Nikamwomba Mjomba karatasi yangu.

Alasiri nimerudi makaburini Pongwe peke yangu. Nimesimama mbele ya msalaba wake nikausoma wasifu wote, kwa sauti ileile nene. Aya ya vitumbua nimeisoma mara mbili.