Afrika Yetu ya Mabati Ilivyofika Gatina

Majina ya watu siandiki. Watoto wao wangali hai na hawakunikosea kitu. Lakini vyeo nitavitaja, maana ni vyeo hivyo vilivyotumika kutuumiza: mwenyekiti wa kamati ya shule, na chifu.

Shule ilikuwa Sarang'ombe, ndani ya Kibera. Chumba kirefu cha mabati, Jumapili kikageuka kanisa. Mimi niliacha masomo darasa la sita, na pale kazi yangu ilikuwa kupikia watoto uji. Siku moja mwalimu wa jiografia alipata kazi ya mshahara, akaenda bila kuaga. Mwalimu mkuu akaniangalia, akaangalia mwiko mkononi mwangu, akasema, "Mama, si unajua kusoma? Ingia darasani."

Basi nikawa ticha.

Ramani haikuwepo. Kulikuwa na kalenda kuukuu yenye Afrika ya ukubwa wa kiganja. Nikaamua kuichora ukutani, ukuta mzima. Watu waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara walinipa lami kwenye kopo, nikapiga mipaka nayo na kuandika majina ya nchi. Rangi niliomba kwa mafundi, masalio ya mikebe, ndiyo maana Sudan ilikuwa na rangi ya geti na Nigeria rangi ya choo cha stesheni. Gambia ilinishinda kwa udogo, nikaipaka rangi yangu ya kucha, nyekundu.

Halafu kila mtoto nikampa nchi, akae chini yake. Asubuhi sikuita majina yao, niliita nchi.

"Chad!"

"Niko, ticha! Juu yangu Libya, kulia Sudan, kushoto Niger!"

"Mali!"

"Mali anaharisha, ticha!"

Kulikuwa na msichana mdogo, mwepesi wa mdomo, aliyekuwa Lesotho. Alikaa katikati ya kijana mkubwa na mkoba wake, na huyo kijana alikuwa Afrika Kusini. Kila siku alilia, "Ticha, mwambie asonge, ananizunguka pande zote!" Naye anamjibu, "Nikusongee wapi? Angalia ramani, wewe uko tumboni kwangu." Darasa zima chini kwa kicheko. Lakini muulize yeyote kati yao Lesotho iko wapi, hata leo. Hawezi kukosa.

Mwaka Zaire ilipogeuka kuwa Kongo, mtoto aliyekuwa Zaire alikuja na uso mzito. "Ticha, kwani nchi imeokoka, ndiyo ibadilishe jina?" Nikafunika lile jina kwa rangi ya kijani, juu yake nikaandika Kongo. Jua lilipowaka, mabati yakapata moto, na lami ya chini ikapanda. Ukasoma yote mawili, Kongo, na Zaire ikichungulia nyuma yake. Lami iko hivyo. Unaipaka rangi, inangoja joto.

Walikuja tukiwa katikati ya somo. Nilisikia nyundo nje nikadhani ni fundi. Kisha mwanga ukaingia mahali palipokuwa na Moroko. Mwanga tu, mkubwa, na nyuma yake vijana wenye mitaimbo, na askari wa chifu wameshika rungu. Watoto hawakupiga kelele. Walikaa chini ya nchi zao, kila mmoja mahali pake, wakiningojea niseme kitu. Bati moja lilianguka, likanichana bega hadi nyama ikaonekana. Ndipo wakakimbia.

Mwenyekiti alifika tumeshatawanywa. Alivua kofia. Alilia, nakuapia, machozi ya kweli. "Ni amri ya juu, ticha. Barabara inapita hapa. Tumwachie Mungu." Akanifunga bega kwa kitambaa chake mwenyewe, na mimi nikamwambia asante.

Barabara haikupita.

Watoto walitawanyika. Lesotho nilimwona akiuza karanga. Mimi nikahamia kwa dada yangu Kawangware, nikatafuta kazi ya kufua, mlango kwa mlango, kuanzia mtaa wa Satellite hadi Gatina. Gatina nikaingia ploti mpya ya vyumba vya mabati vya kupangisha, kuuliza kama kuna nguo. Mama mmoja alikuwa anachambua mboga ya sukuma mlangoni.

"Sasa, mathe. Nguo ziko?"

"Ziko, lakini sabuni ujiletee."

Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na Kongo. Imewekwa kichwa chini, Zambia juu na Sudan chini, na Zaire ikichungulia kwenye kijani. Nikakaa kwenye ndoo yake. Nikainuka nikazunguka ile ploti kama mwendawazimu. Misri ilikuwa bafuni. Mlango wa choo ulikuwa na alama ndogo nyekundu, nikaikwaruza kwa kidole. Rangi yangu ya kucha.

"Wee siste, unatafuta nini chooni kwangu?"

"Hii ploti ni ya nani?"

Akanitajia. Mzee wa kanisa huko Kibera, mtu mpole, mwenye kofia. Nikamuuliza tena, akanitajia jina lilelile: mwenyekiti wetu.

Nilirudi Sarang'ombe nikakusanya wale wanafunzi niliowapata, na wazazi wao. Tukaenda kwa chifu. Nilitaka kitu kimoja tu, mabati yetu yarudi, watoto wapate pa kusomea. Lesotho, niliyekuwa nimemkaririsha njiani, alimtajia chifu kila nchi na mahali ilipo katika ile ploti, akiwa amesimama wima kama tulivyofundishana. Chifu alisikiliza yote akijichokoa meno. "Mabati ni mabati, mama. Yana jina la mtu?" Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye benchi ya pembeni, anakunywa chai ya ofisi. Hakuniangalia begani.

Wiki iliyofuata aliipaka ploti yake yote rangi ya kahawia.

Niliendelea kumfulia yule mama wa sukuma, maana njaa haina heshima. Ikaja Januari, jua la kuunguza. Naanika nguo, nikasikia watoto wa ploti, "Mama, ukuta unatoka damu nyeusi!" Lami ilikuwa inapanda. Mipaka yote, mstari kwa mstari, juu ya kahawia yake.

"Hizo ni nini, auntie?" mmoja akaniuliza.

Niliweka beseni chini. "Njooni. Kila mtu achague yake, akae chini yake."

Nilianzia Misri, bafuni. Wakanifuata mlango hadi mlango, wakiimba nyuma yangu, hadi geti likafunguka na mwenyekiti akasimama pale na kofia yake kichwani.

"Toka kwa ploti yangu."

Nilikuwa nimefika Kameruni. Mtoto aliyekaa chini yake alinitazama, akingoja nimwambie jirani zake.