Mtoto wa treni

Juzi niliona treni ya kuchezea katika duka moja la Kadutu, hapa Bukavu, nikacheka hadi barabara nzima ikageuka kunitazama. Wakati wa vita, tonton wangu, ndugu ya mama, alitaka kuuza treni yake kama ile, ya chuma, ya zamani sana, ili tupate unga. Mnunuzi alitoka Kamituga. Tonton akazungusha ufunguo wa kuiendesha: kimya!

"Papa, hii iko maiti," mnunuzi akasema, akainuka.

Mimi, mtoto mdogo, sikuwa nimewahi kuona treni, kwa hiyo nilijua kabisa: huyu ni mtoto wa treni, ana njaa! Nikammiminia mawese, mafuta yetu ya kupikia. Akanguruma, akazunguka nyumba nzima akinukia kama sombe, mboga ya majani ya muhogo! Mnunuzi akalipa akishangilia.

Jioni bugali ilikuwa mlima, nami nililia: "Tonton, kwa nini muliuzisha mutoto mbele ya yeye kukuwa mukubwa?"

Hadi leo Bukavu haina reli. Pengine mtoto yule bado anakua.