Miongozo Ishirini na Sita Bila Jibu Hata Moja

Kosa langu lilikuwa hili: nilitunga miongozo ishirini na sita ya kusahihisha kabla ya kuandika jibu hata moja.

Mwalimu yeyote anaujua mwongozo wa kusahihisha, ile karatasi inayosema hoja hii alama mbili, mfano alama moja, hitimisho alama tatu. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa jumla wa shahada ya uzamili ya ufundishaji wa lugha, nikaona ni busara nijue kwanza jibu kamili linafananaje. Nikachukua maswali ya miaka iliyopita, nikajifungia chumbani kwangu Kibondo, nikaligawia kila swali alama zake ishirini na tano, kwa rula, kwa wino wa rangi mbili. Wiki saba zikapita hivyo, na mimi nikiamini kwamba nasoma.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtihani huo nilikuwa nimeshaufanya mara moja. Maswali manne, saa tatu. Swali la kwanza nililijibu kwa saa mbili na dakika arobaini, nikikata na kuandika upya, na msimamizi alipotangaza kwamba muda umekwisha ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuridhika nalo. Matatu yaliyobaki sikuyagusa. Na kanuni za kozi ziko wazi: ukifeli mara ya pili, unaondolewa.

Nimejifunza karibu kila kitu peke yangu. Nyumbani tulisema Kiha. Kiswahili nilikikuta shuleni, Kiingereza nikakitafuta mwenyewe kwenye redio na katika vitabu vilivyochanika, nikirudia sentensi kimyakimya mpaka niwe na hakika kwamba hakuna wa kunicheka. Hata kozi yenyewe ni ya masafa; vitabu viko kwenye simu na mhadhiri yuko mbali. Mtu aliyejifunza hivyo hatoi kitu mbele ya watu kabla hakijakamilika.

Mwanafunzi mwenzangu wa karibu alikuwa mwalimu wa Kasulu, mama aliyenizidi umri, aliyehamishiwa huko kutoka Tanga. Jumamosi moja nikapanda basi la asubuhi kwenda kwake, faili langu nimelikumbatia kifuani. Tulipofika Makere wakapanda wauza vitenge wawili kutoka kambi ya wakimbizi, wakazungumza njia nzima kwa Kiswahili chao cha Kikongo, Kifaransa kikiingia na kutoka, bila kujali nani anasikiliza. Niliwaonea wivu.

Nikalifungua faili mezani kwake kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

"Mashallah," akasema, akipekua. "Kazi nzuri. Na majibu yako wapi?"

"Bado, dada."

"Bado nini?"

"Nilikuwa namalizia miongozo."

Akanitazama, kisha akageukia upande wa jikoni. "Baba, njoo umwone mtahini! Tatizo hana mtu wa kumtahini!"

Mumewe akacheka hukohuko, mihogo mkononi. Na mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka.

Akachagua swali: utafundishaje mazungumzo katika darasa ambalo lugha ya shule si lugha ya nyumbani? "Dakika arobaini na tano, sote wawili. Na hiyo penseli nipe. Kalamu hii hapa."

Niliandika sentensi moja, nikaikata. Nikaandika nyingine, nikaikata.

"Dada, naomba karatasi nyingine."

"Zimekwisha."

Rimu nzima ilikuwa juu ya kabati, naiona. "Na zile?"

"Zile za shule. Andika, mdogo wangu, muda unakwenda."

Tulipomaliza tukabadilishana. Jibu lake lilikuwa vurugu tupu: mishale, mistari iliyokatwa, mfano mmoja umeandikwa wima pembeni mwa ukurasa. Nikalisahihisha kwa mwongozo wangu, nikiwa na hamu ya kumkata alama. Nikajumlisha mara mbili. Kumi na nane.

"Kumi na sita," nikamwambia. "Mbili nimezitoa kwa uchafu."

"Nionyeshe ulipoandika alama za usafi."

Nikatafuta. Nikafunua na miongozo mingine. Katika yote ishirini na sita sikuwa nimeandika popote.

"Haya, nirudishie mbili zangu," akasema, kisha akanisogezea karatasi yangu. "Wewe una tisa."

Nilijiandaa kuumia. Lakini moyo ulianza kunienda mbio kwa furaha. Tisa! Jibu lile lilinitia aibu, nilitamani kulikunja na kulitia mfukoni, na bado lilikuwa na alama tisa. Nikapiga hesabu palepale: majibu manne mabaya kama hilo yangelishinda jibu langu moja zuri la mwaka ule, hata kama lingepewa alama zote. Hakuna kitabu kilichowahi kuniambia jambo tamu namna hiyo.

"Tufanye jingine," nikasema.

"Kwanza ule. Halafu urudie hilihili, maana umeandika kama mtu ambaye hajawahi kuingia darasani. Mimi watoto wa hapa wakinisalimu kwa Kiha, 'mwakeye', nabaki kutabasamu. Wewe ni Muha mwenzao, unajua wanachonong'onezana, halafu unanijazia nadharia!"

Baada ya mihogo nikaandika tena. Safari hii nilieleza jinsi wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanavyopanga jibu wawiliwawili kwa Kiha kabla ya mmoja kusimama na kulisema kwa Kiingereza, na kwa nini nimeacha kuwakataza. Kalamu haikusimama. Nilipata kumi na tano.

Toka siku hiyo sikukosa basi la Jumamosi. Siku za katikati nilijipima mwenyewe kwa saa ya simu, na nilipokata neno sikuchukua karatasi mpya. Nilifika Kigoma mjini kwenye mtihani nikiwa na hamu nao, jambo ambalo sikuwahi kulihisi. Swali la tatu nilichanganya istilahi mbili, nikakata, nikaendelea. La nne liliishia katikati ya hitimisho. Nikakabidhi karatasi chafu kuliko zote nilizowahi kukabidhi, nikatoka nikitaka kukimbia.

Matokeo yalipotoka, dada wa Kasulu alinipigia simu nikiwa ofisi ya walimu.

"Umefungua?"

"Naogopa, dada."

"Fungua, nasubiri."

Nikafungua. Nilikuwa nimefaulu, kwa alama za wastani. Nilipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini.

Sasa naandika tasnifu. Sura ya kwanza nimeshamtumia msimamizi wangu, ikiwa na sehemu mbili ninazojua kwamba hazijakaa sawa. Bado naogopa makosa, lakini ninachoandika nakikabidhi kwa wakati.