Ekari Isiyoonekana kwenye Ramani

Nilipanda vitunguu saumu kwenye dimbwi, tena kwa kujiamini. Shamba liko hatua themanini kutoka mlango wa jikoni, hapa kijijini Daudi, lakini mimi ni mtu wa kochi. Badala ya kushuka kulitazama, nililitafuta kwenye simu. Ramani ya udongo ya mtandaoni ilionyesha kata nzima rangi moja, kahawia: udongo unaopitisha maji vizuri. Nikaikuza kwa vidole viwili mpaka ekari yangu ikajaa kioo. Kahawia tupu. Nikapanda mbegu yote, mpaka kule chini bondeni.

Mvua ilipokolea, vitunguu vya chini vikawa njano, vikaoza, harufu ikafika barabarani.

Kaka yangu mkubwa akaja kutoka Katesh. Hakungoja hata chai.

"Mdogo wangu, shamba la baba siyo la kuchezea. Nipe nipande mikaratusi. Wewe lima kochi lako."

Iliniuma. Ndipo nikasoma maandishi madogo chini ya ramani, ambayo mtu mwenye akili huanza nayo: skeli, moja kwa milioni moja. Jiografia ya sekondari ikanirudia ikinicheka. Milimita moja pale ni kilomita nzima huku, na kilomita ya huku ina kilima, bonde na ugomvi wa mipaka mitatu. Ekari yangu haifiki hata ncha ya sindano. Nilipoikuza nilikuza rangi tu. Ramani haikunidanganya; haikusema popote kwamba inanijua.

Lakini shamba sitoi. Nilishika jembe, nikachimba mashimo matano kuanzia juu ya shamba hadi bondeni. Matatu ya juu yalitoa udongo mwekundu, unaomeguka. Mawili ya chini yalitoa mweusi wa kunata, na kulipokucha yalikuwa yamejaa maji. Nikachora ramani yangu nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kila hatua nusu sentimita. Juu saumu, chini magimbi.

Kaka aliporudi nilimpa shikamoo yake, kisha nikaitandaza kalenda mezani.

"Hapa ndipo nilipokosea. Hapa ndipo nitakapopanda. Mikaratusi kapande kwako."

Akamgeukia mama jirani, aliyekuja kuazima ungo, amsaidie kunisema. Mama akaitazama kalenda, akayatazama malengelenge ya viganja vyangu, akamwambia:

"Mwachie. Mvivu wa namna hii akishachimba mashimo matano, hata trekta halimng'oi."